Salma Sitampokea

Mwanangu Shija,

Salamu tutapeana kesho mlangoni, utaniamkia nami nitaitikia, kwa hiyo hapa naziruka. Umelala, wanao mmoja kila upande, nami nimekaa kwenye cherehani kwa sababu ndiyo meza pekee humu ndani isiyo na mzigo wako juu yake. Nitakupa barua hii kabla ya chai. Isome peke yako chumbani, maana mambo haya nikiyasema kwa mdomo nitalia, na wewe ukiniona nalia utaahirisha safari, na mumeo huko Kanada atanilaumu mimi.

Habari ya maji ya moto, nepi, dawa ya homa, na kumnyonyesha mtoto ndege inapopaa ili masikio yasimuume, sitaiandika. Muuguzi amekueleza, simu imekueleza, na wanawake wote wa mtaa wetu wa Cheyo wamekueleza, wakiwemo ambao ndege wameiona ikipita juu tu. Mimi nina neno moja, na nalisema sasa hivi ili usilitafute: Salma sitampokea. Kesho usimwache kwangu. Sasa kaa kitandani nikueleze.

Unakumbuka siku ile tulipokwenda kwa wakala wa tiketi. Kijana wa watu alieleza vizuri, hakuwa na kosa. Mtu mzima mmoja anapakata mtoto mmoja, basi. Hewa ikipungua humo ndani, alisema, utamvisha nani kwanza kile kifaa cha kupumulia, na kwa mkono upi? Mtoto wa pili apate mtu mzima wake wa kumpakata, au anunuliwe kiti, na juu yake kuwekwe kile kiti kingine cha kumfungia mtoto, chenye alama wanayoikubali wao, ambacho Tabora nzima hatukukipata. Nikamwambia, "Baba, wazee walishasema mkono mmoja haulei mwana, kumbe na ninyi wa ndege mnajua." Akacheka. Wewe hukucheka. Tulipofika nyumbani ukakaa kuchambua mchicha, ukaniuliza bila kuniangalia, "Mama, nikikuachia Salma mpaka baba yao apate likizo aje amchukue?"

"Niachie," nikasema.

Nilijibu kabla hujafunga mdomo. Sikuuliza likizo hiyo ni lini, sikuuliza kama umelala usiku ukilifikiria, sikuuliza kitu. Kesho yake nikanunua beseni la kumwogeshea, nikashona chandarua kidogo, nikamtangazia jirani kwamba nyumba yangu itakuwa na mtu tena. Nilifurahi, Shija, siwezi kukuficha. Tangu baba yako afariki napika ugali wa mtu mmoja na bado unabaki. Mtoto wa kunisumbua usiku ndicho kitu nilichokuwa nakitaka kuliko vyote, na kwa kukitaka hivyo nikawa kipofu.

Kilichonifumbua macho ni jibu lako mwenyewe. Nilikuuliza, kwa mazungumzo tu, kwa nini Salma abaki na si pacha wake Nuru. Ukasema, "Salma hana shida, Mama. Halii. Nuru hawezi kukaa bila mimi." Nikaenda jikoni kama mtu aliyekumbuka chungu motoni. Hakukuwa na chungu. Maneno hayo niliyasema mimi, kwa mdomo wangu huu, juu ya kaka yako Kulwa.

Unajua vipande vya habari hii. Mtaa mzima wananiita Mama Kulwa, na jina lako lenyewe linamwambia kila Mnyamwezi kwamba ulizaliwa nyuma ya mapacha. Lakini hukuwahi kuuliza kwa nini Kulwa alilelewa kijijini Choma na pacha wake Doto akalelewa hapa, nasi hatukukueleza. Ulikua ukidhani Choma ndiko kwao.

Walipozaliwa, maziwa yangu yalikuwa machache. Doto alikuwa mdogo, akilia usiku kucha, na Kulwa alikuwa na mwili, ukimlaza analala, ukimsahau hakukumbushi. Bibi yenu mzaa baba akaja kutoka Choma na kibuyu chake cha maziwa, akatuangalia siku chache, kisha akasema, "Nipe mmoja mpaka aote meno. Kwangu kuna ng'ombe." Hakuwa mtu mbaya. Kwetu bibi kumchukua mjukuu si jambo la ajabu, wengi wamelelewa hivyo wakawa watu, na sikuandikii ili niitukane desturi iliyonisaidia. Baba yako akaniuliza, "Aende yupi?" Nikasema aende Kulwa, yeye hana shida, halii. Yaani mtoto alitoka nyumbani kwangu kwa kosa la kuwa mtulivu.

Waliondoka na basi la asubuhi. Nakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu: ziwa la kushoto lilikuwa la Kulwa, Doto alikuwa analikataa. Siku nyingi baada ya yeye kuondoka, ikifika saa yake lilijaa lenyewe, likachuruzika mpaka kwenye kitambaa cha mteja nilichokuwa nashona. Nililifunga kwa kipande cha kanga nikaendelea na kazi. Mwili ulikuwa unajua kwamba kuna mtu hayupo, mimi ndiye niliyekuwa najifanya sijui.

Meno yakaota. Tukasema ngoja mvua ziishe, maana huko mbugani zikinyesha barabara ni tope. Mvua zikaisha, tukasema ngoja avune bibi yake, asibaki mpweke. Nilipokwenda kumchukua mara ya kwanza alikuwa anatembea. Alinikimbia, akaingia chini ya kanga ya bibi yake akimwita mayu, ndivyo wanavyomwita mama huko, na mimi akanichungulia kwa jicho moja. Bibi akasema, "Mwache kidogo, akuzoee." Nikamwacha kidogo. Mwaka uliofuata nikamwacha kidogo tena. Shija, basi la Choma lilikuwa likiondoka kila siku hapa mjini, nami nilikuwa na miguu.

Babu yangu alipenda kutusimulia habari za babu yake, mpagazi aliyebeba pembe za ndovu kutoka hapa Unyanyembe mpaka pwani. Alisema msafara ulipoondoka, siku ya kwanza haukwenda mbali. Walitembea asubuhi tu, wakapiga kambi mahali ambapo bado unasikia majogoo wa kwenu. Kwa nini? Ili aliyesahau kitu arudi akichukue, na aliyekuwa na neno na mkewe arudi akalimalize, kisha kesho yake ndipo safari yenyewe ianze. Tulipokuwa watoto tuliona uvivu tu. Sasa naona walikuwa na akili kutushinda, maana ndege yako haina kambi ya karibu. Na mimi niliyekuwa na kambi ya karibu, mwanangu akiwa umbali wa safari ya nusu siku, sikurudi kuchukua nilichosahau.

Badala yake nilikuwa napeleka nguo. Ukija wewe na wenzio kuuliza fundi gani mzuri hapa Cheyo mtaambiwa Mama Kulwa, na ni kweli, sijawahi kuharibu nguo ya mtu. Kila sikukuu nilishona mashati mawili ya kitambaa kimoja, mapacha wavae sare, kama inavyotakiwa: ukimpa mmoja lazima umpe na mwenzie. Nilimpima Doto, nikakata mara mbili. Ilinijia vipi kumpima mmoja? Kwa sababu walikuwa pacha, na kwa sababu Doto ndiye aliyekuwepo. Nikafika Choma na shati, Kulwa akaingiza mkono mmoja, wa pili ukagoma begani. Alikuwa amelishwa maziwa na kufuata ng'ombe, amempita mwenzie kifua na mabega. Bibi yake akacheka, akasema shati atapewa mtoto wa jirani. Nilicheka na mimi. Kisha sikukuu iliyofuata nikampima Doto tena, nikakata mara mbili tena. Mimi, fundi. Mpaka leo sipati jibu.

Najua unaanza kusema mbona Kulwa amekuwa mtu mzuri. Amekuwa. Ana mke, ana watoto, ana ng'ombe, hanywi, hagombani na mtu. Bibi yenu alimlea vizuri kuliko nilivyokulea wewe mwenye mdomo. Ndiyo maana kwa miaka mingi nilijiambia hakuna kilichoharibika, mpaka tulipomzika baba yenu.

Siku ile wewe ulikuwa ndani na wanawake, ulilia mpaka ukapoteza sauti, kwa hiyo hukusikia. Mimi nilikuwa karibu na dirisha. Kulwa alikuwa amekuja na watu wa Choma, amekaa nao kwenye mkeka wa wageni, chini ya turubai. Baba yenu mdogo akatoka, akaita watoto wa kiume wa marehemu waje wamwoshe baba yao. Doto akasimama. Wa pili hakusimama. Baba mdogo akasubiri, watu wote wakasubiri, kisha akamwendea. "Na wewe, Kulwa?" Mwanangu akanyanyuka haraka, akavua kofia kwa aibu. "Nisamehe, baba mdogo. Nilidhani mnawaita wa hapa."

Hakusema kwa chuki. Angesema kwa chuki ningepona, ningemwomba msamaha, tungegombana tukalia tukamaliza. Kulwa hana la kunisamehe, kwake mimi ni mtu wa Tabora aliyemletea mashati. Siku ya kuondoka akaja chumbani nilimokaa eda, akapiga goti, akasema kwa heshima zote, "Mama Kulwa, sisi tunarudi." Kama wanavyoniita wauza maji na watoto wa mtaani. Nikamwambia nenda salama, baba. Kila mtu akiniita jina hilo siku hizi naitika, lakini kuna mahali panashtuka.

Sasa fikiria. Likizo ya mumeo inaweza kuja mwaka huu, inaweza kuja mwakani. Kazi za watu hazimwulizi mtu kama ana mtoto Tabora. Salma ataota meno hapa, atatembea hapa, ataniita mimi mama, nami nitaitikia, tena kwa furaha. Najijua. Siku mtakayokuja kumchukua ataingia chini ya kanga yangu, na mimi nitasema, mwacheni kidogo, awazoee. Nitalisema hilo neno, Shija. Limeshakaa mdomoni linasubiri. Na Nuru atakuwa amesimama mlangoni na koti lake la baridi, akimwangalia mtoto wa kwa bibi.

Kwa hiyo nilikudanganya. Uliponiuliza nakwenda wapi nikasema Ntalikwa kufuata karanga. Karanga nilinunua, umezila. Lakini nilikwenda kwa watawa kumtafuta Sista Imakulata, yule aliyekuwa akiwachoma wanao sindano za chanjo huku tukitaniana naye mpaka foleni inacheka. Nilikumbuka alivyosema kwamba shirika lao linampeleka kusoma Kanada. Yeye ni Mgogo, na Mgogo kwa Mnyamwezi ni mtani tangu enzi za hiyo misafara. Nilimkuta anaanua nguo.

"Sista, nimekuja kudai."

"Unadai nini tena, Mnyamwezi wewe?"

"Babu zangu walipita kwenu na pembe begani, kiu imewakaba. Babu zako wakawatoza hongo ya njia, wakawatoza na ya maji ya kisima. Mimi sitaki shanga wala kitambaa. Utalipa kwa kumpakata mjukuu wangu mpaka Kanada."

Alicheka mpaka nguo zikamdondoka. "Tangu lini mpagazi akatafuta mtu wa kumbebea? Si mlizaliwa na mizigo begani ninyi?"

Nilikuwa na jibu zuri la kumpa, lakini lilipofika kooni likageuka kilio. Nikalia pale uani kwa watawa na baibui langu, mwanamke mzima. Sista akaniketisha kwenye ndoo, nikamweleza yote, ya Salma na ya Kulwa. Mtani anaweza kukufanyia mzaha mbele ya maiti wako na usikasirike, lakini akikukuta umekwama njiani hana ruhusa ya kukupita. Akanipa maji ya kunywa. Akasema, "Haya unakunywa bure, usije ukawasimulia wajukuu kwamba nimekutoza." Kisha akasema, "Nitambeba, mama. Ila akitaka ziwa utanisamehe, hilo sina."

Tiketi yake ilikuwa ya wiki inayofuata safari yako. Akaenda kuomba kwa mkubwa wake isogezwe wapande ndege moja na wewe, na mkubwa wake, aliposikia ni deni la utani, akakubali. Kisha nikafanya jambo la aibu kuliko yote: nikampigia mkwe wangu simu mimi mwenyewe, mama mkwe mzima, bila kupitia kwako. Nilipomaliza kueleza akakaa kimya, nikadhani salio limekwisha. Kumbe analia. Akasema, "Mama, nilikuwa sitaki Salma abaki, nikaogopa kumwambia Shija, ataona namwongezea mzigo." Akazungumza na yule kijana wa tiketi, na Salma ameandikwa chini ya Sista. Sista atakusubiri Dar. Pasi ya Salma ipo, viza yake ipo, na ile picha yake aliyokodoa macho kama amefumaniwa ipo pia.

Lakini sikufanya hivi ili nikuamulie. Nilikwisha kukuamulia mara moja, nilipojibu haraka siku ile ya mchicha. Wewe ndiye mama yao. Kama unaona siwezi kuelewa uchovu wako, kama usiku ule wa ndege na baridi ya huko na watoto wawili ni zaidi ya nguvu zako, mpigie mumeo kabla basi halijaondoka, mpange vingine, na sitanuna. Ila kuna mpango mmoja haupo tena. Kwangu Salma hapokelewi. Ukimlaza kitandani kwangu nitamnyanyua nikuletee mpaka kwenye basi, na majirani watazame.

Huko itakuwa ngumu. Sikwambii itakuwa rahisi, wala sijui nchi ya theluji mtu anaanikaje nepi. Kuna siku wote wawili watalia na mumeo yuko kazini, nawe utanikasirikia, utasema mama alikuwa na nafasi, alikuwa na beseni, akakataa. Nikasirikie. Nipigie simu unigombeze, nitasikiliza. Wewe una mdomo tangu zamani, na sasa hivi ndipo unapohitajika. Kitu ninachokiogopa si hasira yako. Naogopa wewe kuja kuitwa kwa jina la mtoto asiyekujua.

Nami nitabaki. Sitajifanya shujaa hapa mwishoni. Mkishaondoka nitarudi ndani, nitaliona lile beseni, na sijui nitalifanyia nini. Labda nitalowekea nguo. Wajukuu wataniona kwenye simu, watakua wakiniita bibi wa kwenye simu, na Kiswahili chao kitakuwa cha kubabaika kuliko cha Wazungu. Nimelikubali hilo, lakini kulikubali hakujalifanya lisiume. Naumia sasa hivi ninavyoandika, na nimesimama mara mbili kwenda kuwaangalia mlivyolala. Nuru amekupiga teke la shavuni. Salma amelala na mkono ameuweka juu ya tumbo la mwenzie.

Kulwa sijamwambia lolote. Kwake nimechelewa, na hata leo ukinipa kitambaa sijui nikate mabega mapana kiasi gani.

Ndani ya mkoba wa nepi, juu kabisa, nimeweka magauni mawili ya kusafiria, ya kitambaa kimoja, yale maua madogo uliyoyapenda. Usiyachanganye. La Nuru nimelitia uzi mwekundu ndani ya shingo, la Salma uzi wa kijani. Jioni ulipokwenda kuoga niliwalaza hapa juu ya meza, nikampima mmoja, nikaandika, kisha nikampima wa pili.

Salma ana mikono mirefu kuliko dada yake. Ulijua? Mimi nimejua leo.

Mama yako,
Mama Kulwa